Jina Langu na Upepo wa Nyuma

Makapi ya uwele yana harufu kavu, kama mkeka ulioanikwa juani, na kila ninapoinusa narudi kijijini Sepuka, mavuno ya mwaka niliokuwa darasa la saba. Mimi na pacha wangu tulibatizwa Prima na Sekunda. Prima alinitangulia kuzaliwa kwa muda mfupi tu, lakini aliugeuza cheo. "Wa pili, lete maji! Wa pili, funga mbuzi!" Juma lile mwalimu mkuu alitangaza kwamba Jumatatu atahakiki majina ya mtihani, baada ya hapo hakuna kubadili. Nilitaka kuwa Rehema. Baba akasema jina alilichagua katekista Anselmi, nimuulize kwanza maana yake, kisha niamue mwenyewe. Nikaanza kuogopa: je, kama maana yake ni mbaya zaidi?

Jumamosi katekista alipita kwa bibi, tulipokuwa tukipepeta uwele uwanjani. Aliwahi kusoma seminari, na Kilatini hakikumtoka.

"Shikamoo, katekista. Sekunda ni nini?"

"Marahaba. Ni neno linalobadilika kama yetu. Sisi husema wa pili, cha pili, ya pili. Wenye Kilatini walisema secundus kwa mwanamume, secunda kwa mwanamke, secundum kwa kitu. Limezaa sekunde, maana saa hugawanywa mara ya kwanza kupata dakika, mara ya pili kupata sekunde. Hata sekondari ni mtoto wake."

"Si nilikwambia?" Prima akacheka. "Wa pili!"

"Ngoja, Prima. Asili yake ni kufuata. Upepo uliofuata chombo cha baharini kwa nyuma waliuita hivyo, na neno likaja kumaanisha pia chenye heri."

Sikuamini. Kwa hasira nikaenda kusimama mbele ya Prima, nikamwaga uwele kutoka kwenye ungo. Makapi yote yakanijaa machoni.

"We mtoto, geuka!" bibi akafoka. "Nani anapepeta akiutazama upepo? Upe mgongo!"

Nikageuka. Makapi yakaruka mbali, punje zikashuka miguuni pangu, safi. Jumatatu mwalimu mkuu aliponiuliza jina, nilisema Sekunda.

Sasa nina shahada, nakaa Mandewa, najaza maombi ya kazi. Prima aliajiriwa kabla yangu, bila shaka. Kila fomu naisoma mara nne, nikihofia atakayeliona jina ataniweka wa pili kabla hajanisoma. Tena nawaza: upepo wa nyuma unasukuma, au unafukuza? Katekista amefariki, sikuwahi kumuuliza. Jana Prima alipiga simu.

"Wa pili, umetuma?"

"Bado naisoma."

"Tuma bwana, Doto!" akasema, kwa jina wanaloitwa pacha wanaofuata.

Upepo wa dirishani ulikuwa ukinipeperushia karatasi usoni. Nikageuza kiti, nikatuma.