Wadudu wa Kaburi ya Mama

Wadudu walimaliza maharagi yetu hapa Kingi, majani ikabaki nyuzi tupu. Papa aliwaambia majirani kwamba wadudu hao wametoka porini, upande wa Walikale. Mimi nilikataa. Nilikamata kadudu kamoja: mugongo wa kijani unaong'aa kama chupa, na milia miwili myeusi. Nikakapeleka mpaka ku lupango, kiwanja ya maua ya muzungu mwenye shamba kubwa ya jirani. Walewale! Walikuwa wanatafuna majani yake. Na maua ile njo Papa aliomba tawi yake kwa muzungu, akaipanda ku kaburi ya Mama, nyuma ya nyumba.

Nilirudi mbio. Nilimukuta Papa amepiga magoti kaburini, anaokota wadudu mumoja mumoja na kuwaponda ku jiwe. Chini ya kila jani kulikuwa mayai ya manjano.

"Papa, tung'oe hii maua, tuichome!"

Kwetu, kilichopandwa ku kaburi haking'olewi. Nilijua. Lakini nyungu jikoni ilikuwa tupu.

"Papa, wanatokea hapa! Tutakula nini?"

Hakunitazama. Aliponda mwingine.

"Najua, mutoto wangu," alisema. "Tangu jani ya kwanza kuliwa, najua."