Mchora Mzimu wa Kariakoo

Taarifa ya msiba ilinikuta Mchikichini Jumanne asubuhi, nikipekua mitumba. Mama muuza mashati aliniuliza tu, huku akikunja nguo zake: "Kaka, umesikia? Yule mchora mzimu wa Kariakoo kazikwa jana." Nilirudisha shati nililoshika. Nikaondoka haraka, nisije nikalia mbele za watu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka, kwa sababu nilimcheka humu humu, katika safu yangu ya gazeti. Kulikuwa na tamthilia ya runinga ya mama aliyekufa, akarudi mzimu kumtafuta mwanawe. Ikakatizwa ghafla, mama yuko ukingoni mwa kisima, mtoto anamsikia lakini hamuoni. Basi! Wiki iliyofuata tukawekewa mieleka. Bwana huyu, ambaye riziki yake ilikuwa kuchora mabango ya saluni, akaiendeleza katika vijitabu vya katuni, vya kudurufu na kubana kwa pini. Alikuwa na utaratibu wake. Anachora picha kwanza, viputo vya maneno anaviacha vitupu, kisha anatundika kurasa kwenye kamba mbele ya kibanda ili wapita njia wamwambie mzimu angesema nini. Wachukuzi, mama ntilie, wauza vitenge, wote walikuwa na lao. "Acha wewe, mama mzazi hasemi hivyo!" Wanabishana weee mpaka chai inapoa. Siku moja fundi cherehani aliyefiwa na bintiye alisimama pale kitambo, akasema, "Mwambie aseme, usiogope mwanangu, niko hapa." Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Mimi niliona wizi. Nikaandika kwamba ni mdandiaji wa hadithi za watu, na kwamba asiyeweza kubuni lake akae kimya. Wenzangu ofisini walicheka mpaka machozi, nami nikavimba kichwa. Wiki mbili baadaye nikapita kibandani kwake. "Shikamoo, mzee," akanisalimu kwa adabu zote. Nikaitikia marahaba. Kamba haikuwa na hata karatasi moja, nami nilijua sababu. Ningeweza kumwambia pale pale, nisamehe bwana. Niliona haya, nikasingizia kwamba nawahi pantoni ya kuvukia bahari pale Magogoni.

Jumatano nilikwenda msibani kwao Ilala. Dada yake mkubwa akanitazama. "Wewe si yule wa gazetini?"

"Ndiye, dada. Poleni sana."

"Tumeshapoa." Akanisogezea mkeka. "Baada ya makala yako hakushika kalamu karibu mwaka mzima. Nikimwambia chora, ananiambia yule mzee amesoma, anajua anachosema. Alipokuja kuanza tena, figo zilishamchosha. Kafa kitabu cha mwisho hakijaisha. Wanaokuja kutoa pole wananiuliza, dada, yule mama alimpata mwanawe? Niwajibu nini?"

Nilikaa mkekani nikitazama vidole vyangu.

Tangu hapo nafikiria jambo moja. Sisi tunaojiita wasomi tunakimbilia kuuliza kazi hii ni mali ya nani, tunasahau kuuliza inamfaa nani. Wenye tamthilia walikuwa na haki yao, sibishi, na labda angepaswa kuwaomba ruhusa. Lakini walikuwa wameshaitelekeza. Mjini hapa mtu anazika, siku ya nne yuko kazini anacheka na wateja, maana asipouza analala njaa. Ya moyoni anamwambia nani? Pale kwenye kamba watu waliongea na marehemu wao, wakijifanya wanamsaidia mchoraji. Nami nikaenda kukifunga kijiwe kile kwa makala moja ya kuchekesha, tena bila kumuuliza hata mmoja wao.

Funzo langu limenifika nikiwa nimechelewa: ukimkosea mtu, mwombe radhi angali anakusikia, aibu utaiona baadaye. Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonea. Naandika hivi leo, wasomaji wangu wote wananisoma, isipokuwa wewe.