Wimbo wa Chini ya Zizi

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kupiga zeze, huwajibu kwamba ni baba, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Wakiniuliza kwa nini sikuacha nilipoolewa kama wanawake wengine, hapo inabidi nimtaje shemeji yangu, na nikimtaja chakula hakinipiti kooni. Nilimchukia mtu yule kwa miaka mingi kuliko ile niliyoishi na mume wangu. Sioni haya kuyaandika haya, na sijatubu.

Tulikaa nje kidogo ya boma la Songea, upande wa milima ya Matogoro. Ua ulikuwa mmoja na nyumba tatu: yetu, ya mama mkwe, na ya shemeji, mdogo wake mume wangu. Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaelekea kwisha, Wajerumani waliacha kupigana na wanaume wakaanza kupigana na chakula. Askari wao walipita kijiji kwa kijiji wakibeba nafaka na kuchoma wasiyoweza kuibeba. Mume wangu alikuwa ameliona hilo mapema. Alichimba shimo ndani ya zizi la mbuzi, akalikandika udongo, akalijaza mahindi na ulezi, akafunika kwa magogo, na juu ya magogo akarudishia samadi. Mbuzi wakalala juu ya chakula chetu bila kujua. Tuliojua ni yeye, mimi, mama yake na mdogo wake, basi.

Siku askari walipofika kwetu hawakumwuliza mtu kitu. Hawakuingia nyumba hata moja. Walikwenda moja kwa moja zizini, wakatoa mbuzi, wakaanza kuchimba. Mume wangu alisimama mbele yao na jembe mkononi, wakampiga risasi pale pale kwenye samadi. Mbuzi wakawachinja wakala, nafaka wakabeba, iliyobaki wakaitia moto. Shemeji hakuwepo siku hiyo. Alirudi njaa ikiwa imeshika, sisi tunachimba mizizi porini, yeye mashavu yamejaa. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, hakuimaliza njaa ile. Vita vilipotulia boma likamvika shemeji kanzu nyeupe na kofia, likamwita jumbe.

Mimi sikuhitaji kuambiwa. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Ningesema kwa nani? Bomani walikuwa ndio hao hao waliompa kanzu. Wazee wangeniuliza nani alimwona, na aliyemwona hakuwepo. Tena mjane anayemshitaki ndugu wa marehemu husemwa kwamba uchungu umemchanganya akili. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa hasira, na hasira ya namna hiyo haipoi, inaiva polepole.

Siku ile ya askari, baada ya kumzika mume wangu, nilipita zizini nikaokota mishipa ya miguu ya mbuzi waliyoitupa. Mama mkwe alidhani nataka kuichemsha. Niliichambua, nikaianika, nikaisokota uzi. Zeze langu lilikuwa na uzi mmoja tu, kibuyu kilichowambwa ngozi ya kenge, na kijiti cha shingo alichokichonga baba. Uzi wa zamani niliutoa nikautupa. Kuanzia hapo kila nilipopiga, nilipiga kwa mshipa wa mbuzi wale.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana vijana wa siku hizi wanasaga mashineni na hawaijui. Kwetu mwanamke akiwa ameshika mchi haulizwi anachoimba. Anaweza kumwimba mume mchoyo, mkwe mkali, hata mkubwa wa nchi, ilimradi asitaje jina. Anayesikia hunyamaza akapita. Ila akitokea mtu akauliza, "Mnaniimba mimi?", basi wimbo ni wake. Ameuchukua mwenyewe mbele za watu, na lililomo ndani yake linakuwa lake pia. Nimewahi kuona mwanaume mzima akivumilia wimbo wa wizi wa kuku mavuno mawili kwa kuogopa kufungua mdomo.

Kwa hiyo nilitunga wimbo. Sikuanza na maneno, nilianza na zeze. Jioni, kazi zikiisha, nilikaa mlangoni nikapiga sauti ile ile, fupi, inayopanda mara tatu kisha inashuka na kusimama kabla haijafika chini, kama mtu aliyeuliza akabaki anasubiri. Niliipiga mpaka wanawake wa jirani wakaanza kuivumisha puani wakiteka maji. Ilipokwisha kuwakaa kichwani, asubuhi moja kinuni nikaitilia maneno:

Walikuja, hawakuuliza.
Walipita mlango, hawakutazama.
Walichimba chini ya mbuzi.
Nani aliwaonyesha?

Wenzangu hawakuniuliza nina maana gani. Walishika michi wakaitikia. Haukupita mwezi wimbo ukawa unatwangiwa hadi njia ya Namtumbo, na shemeji alikuwa akipita katikati yake kila asubuhi na kanzu yake, akitazama mbele. Nilifurahi sana kumwona anavyopita. Lakini alikuwa mjanja, hakuuliza. Kisha akatangaza kwamba matanga yameisha siku nyingi na anataka kunirithi.

Siku waliyokuja wazee kwa ajili hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote. Nilifagia ua. Nilikwenda mtoni. Alfajiri mpiga ngoma wa jumbe alipita akiita wanawake kwenda kufyeka barabara ya boma, na kwangu hakuita, kwa sababu mke mtarajiwa wa jumbe hafyeki barabara. Wenzangu walinitazama kwa jicho baya kidogo na sikuwalaumu. Nilichuja ugimbi, pombe yetu ya ulezi, niliyoamriwa kuipika kwa ajili ya kikao. Desturi ilikuwa kwamba mjane akishampa mtu kata ya kwanza ya ugimbi mbele ya wazee, amemkubali. Akikataa bila sababu iliyosikika kikaoni, anaondoka mikono mitupu kurudi kwao, na mimi kwetu palikuwa majivu. Na sababu yangu sikuruhusiwa kuitamka, kwa kuwa mwanamke kikaoni husubiri kuulizwa, na hakuna ambaye angeniuliza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimebanwa. Kabla jua halijapita utosini nilikuwa nimekwisha kuwaza yote, hata sumu. Nilichokifanya ni kulitoa zeze na kulipasha moto, maana ngozi ya kenge ikipoa hulegea na sauti huwa ya kukoroma. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu akipukuchua mahindi. Akaniuliza, "Leo pia utapiga?"

"Nitapiga, mama. Wageni hawakai kimya kama wafiwa."

Mama yule alikuwa amemzaa mume wangu na alikuwa amemzaa shemeji, na tangu siku ya zizi alikuwa hajatwanga na sisi hata mara moja. Alisema viganja vinamuuma. Akarudi kwenye mahindi yake.

Wazee walikuja wawili, baba zake wadogo mume wangu, watu wa pole waliochoshwa na njaa na kufiwa, wanaotaka tu mambo ya ukoo yakae sawa. Shemeji alikuja nyuma yao. Nilipiga magoti nikawasalimu, nikawatandikia mkeka, nikaweka chungu cha ugimbi katikati na kata juu yake. Mzee mkubwa akasema maneno yake ya marehemu na ya ukoo. Yalikuwa marefu. Akamaliza akasema, "Mama, tuburudishe kidogo kabla hujatugawia. Nasikia baba yako alikuachia mkono wake wa zeze."

Alisema hivyo kwa upole tu, kunituliza. Nikachukua zeze.

Sikuimba. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye kuna waliosema niliimba. Nilifunga mdomo nikapitisha uta wa zeze juu ya uzi. Sauti ikapanda mara tatu, ikashuka, ikasimama kabla ya kufika chini. Nikarudia. Wale wazee walikuwa wametokea ng'ambo ya mto, kwao wimbo ulikuwa haujafika, wakatikisa vichwa kwa raha. Mmoja akafumba macho. Mimi nilimtazama shemeji, na uso sikuuficha.

Mara ya kwanza alitazama chungu. Mara ya pili akavuta kofia yake. Nilipofika pale sauti inaposimama, nikasimama nayo, nikaiacha ining'inie, na uani hapakuwa na kelele ila mahindi ya mama mkwe yakidondoka kwenye ungo. Nikaanza tena. Kanzu ilikuwa imemshika mgongoni kwa jasho.

"Acha huo wimbo," akasema.

Sikuacha.

"Nimesema acha. Kwa nini unaniimba mimi mbele ya baba zangu?"

Mzee aliyekuwa amefumba macho akayafumbua. "Nani anakuimba, mwanangu? Mama huyu hajasema neno."

"Maneno yake mnayajua! Chini ya mbuzi, sijui nani aliwaonyesha. Nchi nzima wananiimba mimi!"

Nikaondoa uta kwenye uzi. Kusema kweli moyo ulinipiga kwa furaha, furaha mbaya, ya kuumiza, ambayo sijaipata tena kwa kitu kingine chochote. Wazee walitazamana. Walikuwa hawajui maneno, na sasa walikuwa wamepewa yote na mwenyewe. Mmoja akauliza taratibu, "Mbuzi wapi?"

Aliyejibu hakuwa mimi. Mama mkwe alikuwa ameinuka na ungo wake. "Mbuzi wa hapa," akasema. "Zizi lile pale. Mwanangu alikufa juu yake." Akamgeukia mwanawe aliyebaki. "Sisi kinuni hatukumtaja mtu. Wimbo umeuchukua mwenyewe, baba."

Halafu akashika kile chungu cha ugimbi, mama aliyesema viganja vinamuuma, akakibeba hadi zizini akakimwaga chote juu ya samadi kavu. Hapakubaki hata cha kujaza kata moja. Wazee wakainuka bila kuaga. Yule mkubwa aliponipita akasema, "Kaa hapa kwako, mama. Hakuna wa kukurithi." Ndivyo kikao kilivyokwisha.

Shemeji alibaki amesimama. Alikuwa na uwezo wa kunichapa viboko, na kesho yake mpiga ngoma wake aliniita kufyeka barabara kabla ya wote. Lakini saa ile hakunigusa. Alichukua zeze langu mikononi akalitupa chini, akalikanyaga mpaka kibuyu kikapasuka, akaondoka. Niliokota uzi. Kibuyu hulimwa.

Yeye aliendelea kuwa jumbe, maana boma halikujali nyimbo. Alioa mbali, mahali ambapo hawakumjua, na mke alipokuja kwetu akaufahamu wimbo siku ya kwanza kinuni akarudi kwao kabla ya mvua. Ugimbi wake watu walikwenda kuunywa kwa kuogopa, wakirudi wanatema mate njiani. Mama yake hakula tena kilichotoka jikoni kwake mpaka anakufa. Nami kila jioni nilikaa mlangoni pangu, ua ule ule, hatua chache na mlango wake, nikapiga. Waliniambia imetosha. Nani kasema imetosha? Binti yangu angekuwa ameolewa.

Wajerumani wakaondoka kwa vita vingine, wakaja Waingereza, kanzu ikachakaa. Alipougua mara ya mwisho hakukuwa na wa kumpelekea maji, nikampelekea mimi. Msinisifu. Nilitaka asiondoke upesi. Mchana mmoja nilimkuta amegeukia ukuta, miguu imevimba. Akasema, "Shemeji, nipigie zeze kidogo. Ila wimbo mwingine."

Nikaenda kulichukua. Nikalipasha moto, nikakaa kizingitini, nikapiga ule ule. Ukapanda mara tatu, ukashuka, ukasimama mahali pake.

"Ni mimi," akasema ukutani. "Ni mimi niliwaonyesha."

"Najua," nikamwambia, nikaanza upya.