Verna na chungu alichokataa kukizima

Tik.

Kisha kimya. Kisha tena: tik.

Ni saa kumi na moja alfajiri na giza bado limekilalia kijiji cha Halvor, huku milimani Montana, Marekani. Verna Skogen amesimama ndani ya banda lake, hajapapasa hata swichi ya taa. Anasikiliza. Sauti hiyo ni ya kidude kilichomo ndani ya chungu cha umeme, kinachojiwasha na kujizima chenyewe ili joto lisipande kupita kiasi. Kikilia hivyo, polepole, bila papara, maana yake madini yameshayeyuka.

"Kimeamka," anasema, na kuwasha taa.

Chungu chenyewe hakizidi sufuria ya kupikia uji wa mtoto. Kinabeba kilo tisa za madini ya risasi, nayo asubuhi hii yanang'aa humo kama kioo. Verna anakoroga kwa kijiko kirefu, anaengua taka zilizoelea juu, anaegemeza kalibu, kile chombo cha chuma cha kuundia risasi, kwenye ukingo ili ipate moto. Kalibu ikiwa baridi, risasi za bunduki hutoka na mikunjo kama uso wa mtoto mchanga.

Tano za kwanza anazirudisha chunguni bila kuzitazama mara mbili. Ya sita anaiangusha juu ya taulo lililokunjwa. Ni laini, nene kama ncha ya kidole gumba, haina doa.

"Hii sasa," anasema mama huyu wa miaka hamsini na tisa, "ni nyama ya mtu ya majira yote ya baridi."

Hatii chumvi. Mwezi Desemba hufunguliwa msimu wa magobore, bunduki za kizamani zinazoshindiliwa baruti mdomoni. Msimu huo risasi ni ya madini matupu, haichanganywi na chuma kingine. Elki mmoja, kulungu mkubwa wa huku, anajaza friza hadi Mei. Ya dukani ipo, lakini bei yake, anavyosema Verna, ni ya watu wengine.

Siku nne za wiki Verna hupika katika jiko la shule ya msingi, akilipwa dola elfu moja mia sita na hamsini kwa mwezi. Kuanzia Septemba, risasi humwongezea kama mia saba. Wawindaji thelathini na wawili wanamtegemea. Leseni yake ameibandika mlangoni, usawa wa macho.

Lakini leo hafikirii wawindaji. Leo ni Jumamosi, na saa tatu binti yake Janelle atafika na bahasha ya majibu ya damu ya mjukuu wake Hattie, mwenye miaka mitano. Janelle amekataa kuyasema kwenye simu.

"Nimemimina tangu usiku wa Alhamisi," anasema. "Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakipati nafasi ya kunisumbua."

*

Saa moja, mlango unagongwa kwa teke. Ni Orville Beckstrand, jirani wa miaka sabini na mbili, amekumbatia ndoo.

"Simama hapo hapo!" Verna anampigia kelele. "Kung'uta theluji kwanza. Kofia pia."

"Theluji kidogo hii?"

"Tone moja likiingia humu, madini yataruka hadi darini, na wewe utakwenda kuoa bila nyusi."

"Nani atanioa mimi?"

"Ndiyo maana nakwambia uzitunze."

Orville anakung'uta, huku akinung'unika kwamba siku hizi kwa Verna ni kama chumba cha upasuaji. Enzi za marehemu Leif, mume wa Verna, watu waliingia na viatu vyao, wakanywa kahawa, wakatoka.

"Na wewe unadhani unaingia zizini. Viatu, Orville."

Ndoo imejaa mabomba ya zamani yaliyong'olewa chini ya nyumba fulani. Verna anachukua kipande, anakiangusha sakafuni. Kinatua kwa kishindo kizito kisicho na mlio. Anachukua kingine. Hicho kinalia ting.

"Hiki ni cha nani?"

"Kwani nini?"

"Kinalia. Umenichanganyia na vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Hiki ni zinki. Kikiyeyuka humu, chungu kizima kinageuka uji wa mabonge."

"Kimoja tu, bibie. Nani ataona?"

"Mimi."

Anakirusha nje kwenye theluji. Kisha anapitia ndoo nzima, kipande kwa kipande, akikwaruza kila kimoja kwa ukucha wa dole gumba. Madini matupu hukubali ukucha na kuacha mstari unaong'aa. Mchanganyiko hukataa. Hakuna mashine hapa inayoaminiwa kuliko ukucha huo.

Ukucha huo huo ndio uliokuja kumtolea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

*

Kwa miaka ishirini na sita chungu hakikuwa bandani. Kilikuwa ndani ya nyumba, juu ya mashine ya kufulia, pale Leif alipokiweka walipooana. Leif alipofariki, miaka sita iliyopita, Verna alikiwasha wiki mbili baada ya mazishi.

"Watu waliniambia niuze kalibu zake," anasema. "Niliwauliza, na sufuria zangu je, nitauza siku nikichoka kula?"

Kisha, mwaka jana, Hattie alipelekwa kupimwa kabla ya kuanza shule ya awali. Hapa madaktari hawataki namba ya madini ya risasi kwenye damu ya mtoto ipite tatu na nusu. Ya Hattie ilikuwa nane. Madini hayo yakikaa mwilini mwa mtoto, humla akili taratibu, bila homa, bila kilio.

Janelle alikuja jioni ile ile, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Chungu au Hattie, Mama. Chagua."

"Babu yako aliyeyusha jikoni hadi akafika miaka tisini!"

"Sikuulizi babu. Nakuuliza wewe."

Verna anakiri kwamba usiku ule alisema maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mtu. Mtumishi wa kliniki alipokuja na kikaratasi kinachomshauri aache kabisa kazi hiyo, alimfungia mlango. Alipopimwa yeye, akakutwa na ishirini na nne, ndipo alipokaa kitako na kukisoma kikaratasi chote.

"Nikaona kina mambo kumi ya kufanya, na la kumi na moja ndilo kuacha," anasema. "Nikasema, hayo kumi nitayafanya mpaka yachoke yenyewe."

Aling'oa sakafu yote ya chumba cha kufulia. Akajenga banda hili kwa mikono yake, akafunga feni ya kuvuta moshi. Viatu na nguo za kazi havitoki humo. Barakoa usoni, mikono inasuguliwa, nywele zinaoshwa kabla hajagusa kitasa cha nyumba. Banda lilimla dola elfu mbili mia moja na arobaini, na kijiweni kwenye duka la baruti likampa jina la utani: Daktari.

"Wazee wakasema nimekuwa mwoga. Kliniki wakasema nina kichwa kigumu. Nikawaambia wakutane, wakubaliane, halafu waje wote."

Miezi mitano baadaye Hattie alipimwa tena. Namba haikushuka. Ilipanda hadi tisa.

*

Hapa Verna anaacha kumimina. Anaweka kalibu chini.

Usiku ule, anasimulia, alitoa kila kitu kilichokuwamo jikoni. Vijiko, vikombe, mitungi. Mwisho wa kabati akashika bati la kuokea vikeki, lenye vishimo kumi na viwili.

Kila myeyushaji wa huku analo bati kama hilo. Madini machafu huchujwa kwanza, kisha humiminwa kwenye vile vishimo yagande vipande vya kuhifadhi. Leif alinunua mawili siku moja, ya kufanana: moja la jikoni, moja la kazi. Baada ya mazishi, Verna alipokuwa akisafisha, aliyakuta yote mawili juu ya mashine ya kufulia. Aliyaosha kwa sabuni mara tatu, akayapanga kabatini pamoja.

Na kila Jumamosi, hata baada ya banda kujengwa na Janelle kulegeza kauli yake, Hattie alipokuja kulala, bibi alimwokea vikeki vya beri za mlimani.

"Nililielekeza kwenye taa. Kwenye kona ya kishimo kimoja kulikuwa na kitu kimeng'ang'ania, kidogo kama punje ya mchele. Nikakikwaruza kwa ukucha." Anainua dole gumba lake. "Kikakubali."

Alikaa sakafuni katikati ya masufuria. Ilikuwa saa nne usiku. Akapiga simu.

"Janelle. Nimekiona chanzo. Ni bati la vikeki."

Akaligeuza bati mkononi.

"Nilimlisha mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Umejua lini, Mama?"

"Sasa hivi. Bado nimelishika."

"Ungeweza kulitupa usiniambie."

"Ningeweza."

Janelle, ambaye ni muuguzi msaidizi, anasema alikaa na simu sikioni kwa muda mrefu baada ya mama yake kukata. "Nilikuwa na hasira za kuvunja vyombo," anasema. "Lakini tangu siku ile nilijua kwamba mama hatanificha kitu. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza."

Masharti yake yalibaki makali. Hattie aje, ila asile chochote ndani ya nyumba ile mpaka namba ishuke chini ya mstari wa tatu na nusu. Kwa miezi minane mtoto amekuja na mfuko wake wa chakula, akala ndani ya pikapu ya mama yake, bibi akimtazama kupitia kioo. Verna alinunua vyombo vipya vyote, kuanzia sufuria hadi kijiko cha chai. Havijatumiwa na mtu mwingine isipokuwa yeye.

Je, hakufikiria kukizima chungu siku ile?

"Chungu hakina miguu," anajibu kwa ukali. "Hakikutembea hadi mezani. Mimi ndiye niliyeipeleka sumu. Nikikitupa, nitamwonyesha nani nimejifunza nini?"

Na kama namba ya leo haijashuka?

Anachukua kitambaa, anafuta meza ambayo tayari ni safi.

"Usiniulize hilo kabla ya saa tatu."

*

Saa tatu kasoro dakika kumi, pikapu inaingia uani. Verna ameshazima chungu, ameoga, nywele bado zinamdondoka maji. Orville, aliyeapa kuondoka tangu saa mbili, bado yuko barazani akijifanya anatafuta glovu.

Janelle anashuka na bahasha. Hattie anamfuata, mfuko wa chakula begani.

"Sema," Verna anasema. "Usinizungushe."

"Mbili nukta nane."

"Rudia."

"Mbili nukta nane, Mama. Iko chini ya mstari."

Verna anashika nguzo ya baraza. Orville anapenga kamasi kwa kelele na kusema baridi ya mwaka huu ni mbaya.

"Na yako?" Janelle anamuuliza mama yake. "Na wewe ulipimwa."

"Tisa. Kutoka ishirini na nne."

"Bado."

"Bado. Nitaishusha. Na sikizimi."

"Sijakwambia uzime."

Januari, Verna anataka kuanza darasa la Jumatatu jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, kwa vijana wanaomimina majumbani mwao. Saba wameshajiandikisha, watatu kati yao wana watoto wachanga. Somo la kwanza halitawasha chungu. Kila mmoja ataambiwa alete vyombo vyote vya jikoni mwake, na wavikwaruze pamoja.

"Watacheka," anasema. "Wacheke. Mimi nilishapita hapo."

Ndani, jiko lina joto. Vyombo vipya vimepangwa rafuni, vingine bado vina karatasi ya dukani. Verna anasimama kando ya meza, hajui aweke wapi mikono yake. Janelle anauchukua mfuko wa chakula begani kwa mtoto, anaupeleka nje, anaufungia kwenye pikapu, anarudi na kuvua koti.

Hattie anavuta kiti, anapanda, anaweka viwiko mezani.

"Bibi, nina njaa."