Bibi Alitaka Kusimulia Alivyoanguka

Jumamosi iliyopita nilikwenda Newala kumpa pole bibi mmoja aliyevunjika mguu. Nilimkuta kitini barazani, ametandikiwa mkeka mpana pembeni kwa ajili ya wageni. Muda si mrefu wakaingia akina mama sita wa kanisani, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani, maana huku juu uwandani maji ni adimu, ni zawadi kubwa kuliko sukari.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni mkekani niwasimulie nilivyoanguka."

"Wewe tulia, bibi. Leo ni siku yako ya kuhudumiwa."

Wakajaza pipa, wakafua, wakabandika jikoni ming'oko, vile viazi mwitu vya Kusini.

"Mama Anjela, njoo basi ukae," bibi akamwita mmoja wao.

"Nakuja, bibi, namalizia kufagia."

Ili afagie vizuri, akaukunja mkeka. Kisha wakasali wamesimama, wakamshukuru Mungu kwa moyo wa upendo, wakaondoka na ndoo zao.

"Nyumba inang'aa," nikasema.

"Inang'aa sana. Sasa hata nzi hana sababu ya kunitembelea."

Nikacheka, nikainuka kwenda kuangalia ming'oko isiungue. Bibi akanishika mkono.

"Na wewe, mwanangu? Kaa."

Marehemu mke wangu aliniambia neno hilo hilo katika wiki yake ya mwisho. Nilimjibu kwamba namalizia vyombo. Vilikuwa vikombe viwili.

Nikautandika tena mkeka, nikakaa.

"Haya, bibi. Ulianguka vipi?"

Ming'oko iliungua yote.