Cheti Kilichochukuliwa na Baba

Siku hiyo kwenye ofisi ya vyeti ya chuo kimoja cha zamani hapa Iringa tulikuwa watu wazima watano: karani, wahitimu wawili, mzee kutoka Mafinga, na mimi niliyetumwa na mume wangu kuulizia cheti chake, mtoto mgongoni.

Mzee alifuata cheti cha binti yake kwa mara ya tatu.

“Baba, anayesaini ni mwenyewe,” karani alisema kwa uchovu, macho kwenye daftari.

“Mwenyewe tumemzika, mwanangu. Nilileta cheti cha kifo, mkataka barua ya mahakama. Mahakamani nako kila siku naambiwa njoo kesho.”

Mhitimu mmoja akadakia, “Broo, mpe tu mzee wa watu.”

Karani akainua macho kutoka kwenye daftari, akauliza, “Kwenye mahafali alikuja?”

“Alikuwa amelazwa.”

Karani akatoa cheti kabatini. Akafunga vifungo vya sweta, akasimama, akasoma majina yote matatu ya binti na shahada yake kwa sauti ya mahafali, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Wahitimu walipiga makofi. Mimi nilipiga kigelegele, mwanangu akaamka analia.

Niliishia darasa la saba, na taratibu za ofisi hunichosha kabla sijazielewa. Ila nilimwona mzee akisaini mahali pa mwanawe, herufi moja moja, na hakuna aliyemharakisha.

Jumatatu nilipopita tena, kaunta ilikuwa na mtu mwingine. Karani wetu alikuwa ameitwa juu, anaandika barua ya kujieleza.