Ratiba, Mwimba Matanga

Katika vijiji vya miwa kusini mwa Misri, Ratiba alikuwa na majina mengi ya kisogoni. Mchochezi. Mchonganishi. Mtia ndimu. Mwanamke mmoja alimwita Upepeo, kwa sababu yeye mwenyewe haungui, kazi yake kupepea makaa ya wenzake. Usoni walimwita Bi Ratiba, na kukiwa na msiba walimtumia punda aje haraka.

Mumewe alipigwa risasi akiwa bado kijana, na shemeji zake wakaona heri wanyamaze. Ratiba alilia peke yake uani hadi majirani wakasimama kumsikiliza. Siku ile ndipo alipojua sauti yake inaweza kumfanya mwanamume ashindwe kumeza mate. Tangu hapo akala kwa mbolezi, nyimbo za kulilia wafu: bata bukini hapa, gunia la ngano kule.

Nagdi alipomuua mume wa Dawlat kwa ugomvi wa maji ya mfereji, Dawlat alimwita Ratiba. Nyumba ile ilikataa kupokea pole, kama ilivyo desturi damu ikiwa haijalipwa. Mwana wa kiume wa pekee, Dardir, mpole, fundi wa baiskeli, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake.

"Mama, narudi Asyuti kazini. Serikali itamshika Nagdi."

Dawlat akamtazama Ratiba tu. Ratiba akajifunga shuka nyeusi kiunoni, akaanza:

"Ewe bunduki uliyetundikwa, unaota kutu kama sufuria ya mjane.
Aliyeua yu hai, anakoroga sukari kwenye chai.
Mleteeni Dardir wanja, mleteeni na bangili,
kaburi la babake limepata binti."

Wanawake wakapiga vifua. Dardir akaziba masikio.

"Bi Ratiba, nakuomba. Nyamaza."

"Nani anasema? Nimesikia sauti ya mwanamke," akajibu Ratiba, na wanawake wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Siku ya tatu Dardir akatungua bunduki ukutani. Alimkuta Nagdi akinawa mferejini kwa ajili ya sala, akampiga ya mgongo, kisha akakimbilia ndani ya miwa.

Kabla jua halijachwa, punda mwingine akafika mlangoni kwa Ratiba. Ametumwa na mama yake Nagdi. Binti wa jirani akamshika mkono.

"Utakwenda na kule? Baada ya haya?"

"Wafiwa ni wafiwa," akasema Ratiba, akapanda.

Akawaimbia na hao. Akamwimbia Abul-Wafa, mdogo wake Nagdi, kwamba ukoo wake umegeuka kuku, unamkimbia fundi wa baiskeli. Aliimba vizuri kuliko alivyoimba kwa Dawlat, naye alijua. Asubuhi Abul-Wafa na binamu zake wakalitia moto shamba la miwa pande tatu, wakasubiri upande wa nne. Dardir alitoka akikohoa, nywele zikiwaka, mikono juu. Hawakumwacha afike barabarani.

Afisa wa upelelezi akamwita Ratiba kituoni.

"Nikuandike nani, mama? Mchochezi? Mshawishi? Chanzo?"

"Niandike mwimba matanga, bwana. Mimi sijawahi kushika hata kisu cha kitunguu nikiwa na hasira."

Afisa akamfukuza kama anavyofukuzwa mbwa.

Kwa Dawlat alipokewa kwa chai. Dawlat hakuwa na chozi. Akamwonyesha kwa kidevu mkwewe, Hamdan, aliyeketi karibu na mlango.

"Huyo amebaki. Mwimbie."

Binti wa Dawlat, tumbo mbele, akamwangukia Ratiba miguuni. "Mama Ratiba, huyu niachie. Wote umewachukua, huyu niachie."

Ratiba akamsogeza kwa goti, kama mtu anayesogeza kapu, akaanza. Alitoa kila alichokuwa nacho. Wanja, bangili, kuku, kutu. Wanawake wakaanza kumcheka Hamdan waziwazi.

Hamdan akasimama, akamwinua mkewe.

"Sawa," akasema. "Mimi mwanamke. Basi wanawake wawili tunakwenda stesheni."

Wakatoka. Ratiba aliimba mpaka walipopinda kona, kisha akaishiwa maneno. Dawlat akainuka, akamzaba kofi lililomwagisha chai mapajani.

"Kwa mwanangu ulikuwa na sauti! Kwa huyu imekwenda wapi? Mwanangu umemla bure!"

Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemwinua Ratiba. Alikwenda kwao kwa miguu, paja likimwasha.

Majira yale ya baridi hakutumiwa punda na mtu yeyote. Akawa anauza figili sokoni. Wanawake wenzake walihama na kumwachia nafasi kubwa, mtu asiketi naye. Wanaonunua huiweka sarafu chini, wasimguse mkono. Yeye huiokota, na husema asante.